Eti maji ya alkali, hapa Goma?

Jumapili iliyopita, misa ikitoka, kijana mwenye koti jeupe alikuwa amepanga chupa zake nje ya lango la kanisa. "Maji ya alkali." Anadondosha matone ya rangi, maji yanageuka bluu, watu wanashangilia. Eti yanaondoa asidi mwilini, yanatibu sukari, presha, hata kolera.

Hata kolera! Hapo ndipo nilipochemka.

Mdogo wangu, matone yako hayapimi dawa. Yanaonyesha besi tu, yaani hiyo alkali, kinyume cha asidi. Yadondoshe kwenye maji ya majivu, au ya sabuni uliyofulia soksi, bluu itatoka vilevile. Nayo tuyanywe?

Na alkali unamletea nani? Maji ya Ziwa Kivu yana pH karibu 9 (pH ni kipimo cha asidi na alkali: 7 ni katikati, chini yake asidi, juu yake alkali). Watu wa Kituku, pale ufukweni mwa ziwa, wanayabeba kwa bidoni tangu utotoni, na hakuna aliyewavalia koti jeupe. Ingekuwa alkali ni dawa, mji huu usingejua foleni ya hospitali. Mambo ni kinyume: kijidudu cha kolera kinapenda alkali, hata maabara wanakikuza kwenye maji ya pH zaidi ya 8. Kinachokiua ni asidi, na asidi hiyo Mungu ameiweka tumboni mwako bure. Watafiti walipowanywesha watu wa kujitolea bikarbonati kwanza, ule unga unaozima asidi ya tumbo, vijidudu vichache sana kuliko bila bikarbonati vilitosha kuwaangusha. Sasa wewe unakuja kuizima asidi hiyo katika mji uliozika maelfu ya wakimbizi waliouawa na kolera Julai 1994, halafu unaita tiba. Vijana wanaotia klorini kwenye bidoni pale ufukweni wanafanya kazi ya kweli, wala hawapigiwi makofi.

Damu, kwa taarifa yako, inakaa kwenye pH kati ya 7.35 na 7.45. Mapafu na figo vinailinda; chupa yako haiigusi.

Na wanaosema ndimu ni alkali: ndimu ni asidi. Mwenye kidonda mdomoni atakueleza.

Haya, nakubali: bikarbonati kidogo inatuliza kiungulia kwa muda. Lakini hiyo utaipata soko la Virunga kwa franka chache, bila mahubiri.

Na kwa kuwa bado nina hasira: shangazi aliyetuma audio kwenye grupu la familia, kwamba tuchanganye javeli (ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo) na siki ili choo king'ae, tafadhali aifute leo. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu, na vyoo vyetu havina hata dirisha.