Ukuta usipigwe lipu kabla haujakaguliwa

Mkaguzi wa mji amegoma ukuta wetu wa jikoni usifungwe jipsamu. Fundi umeme, Mmarekani mwenye leseni yake, alikata nguzo ya mbao apitishe nyaya, akapitiliza. Kazi imesimama, sinki liko sebuleni, watoto wanalalamika, na mimi namuunga mkono mkaguzi.

Kuta za nyumba nyingi huku Ohio, Marekani, ni nguzo za mbao, zile za inchi mbili kwa nne, ambazo ukizipima zina upana wa milimita 89. Nguzo inayobeba ghorofa au paa haichongwi zaidi ya robo ya upana huo, kama milimita 22. Tundu la waya likiwa karibu na ukingo wa nguzo, chini ya milimita 32, unapigilia bamba la chuma, maana siku moja mtu atatundika picha na msumari utafika kwenye waya. Huyu bwana alikula karibu nusu ya nguzo. Dawa yake ni nguzo nyingine nzima, toka chini hadi juu, inapigiliwa ubavuni mwa ile iliyoumia. Ni kazi ya saa chache, ila ionekane kwanza.

Sasa njoo kwetu Tanzania. Tofali za inchi sita zimepanda, lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, imemwagwa, fundi umeme anaingia na tindo na nyundo. Anakata mkato wa mshazari toka swichi hadi soketi, njia fupi, paipu ni ghali. Akikutana na nondo kwenye nguzo ya kona anaipinda, ikigoma anaikata. Kesho fundi lipu anapita, ukuta unameremeta, imekwisha hiyo. Kanuni ya Uingereza inasema kina cha mfereji wa nyaya wa wima kisizidi theluthi ya unene wa ukuta, wa mlalo moja ya sita. Kwa tofali yetu, mlalo ni milimita 25 tu! Nani kwetu anapima?

Najua mtanijia juu: kaenda Ulaya na Marekani, sasa anatudharau, na nyumba zao za mbao upepo ukivuma zinaruka. Tofali zetu nazipenda, nyumba ya baba ni ya tofali na ndiyo imenilea. Na someni vizuri: aliyeharibu nguzo hapa si Mtanzania. Mafundi wetu wana mikono mizuri kuliko wengi niliowaona huku. Kinachonikera ni kwamba kwetu kosa linafunikwa na lipu kabla mtu wa pili hajaliona.

Mtasema mkaguzi wa kwetu atataka chai. Sawa, basi simama mwenyewe. Simu unayo: piga picha kila ukuta na futi ya kupimia ikiwa ndani ya mfereji. Mdogo wangu anajenga Kibaha, nimemwambia hela ya lipu haitoki kabla sijaziona picha hizo. Fundi wake amenuna. Anune tu, ukuta ubaki mzima.