Peter Murphy hana deni la giza

Kila Peter Murphy, aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya Bauhaus, anapotoa albamu, wapo wanaouliza: mbona haisikiki kama Bauhaus? Swali hilo linaniudhi, hasa linapoelekezwa kwa Dust, albamu yake ya mwaka 2002.

Bauhaus, bendi ya vijana wa Northampton, Uingereza, ilianza 1978 na kuvunjika 1983. Wimbo wao wa kwanza, "Bela Lugosi's Dead" wa 1979, uliwapa jina la waasisi wa roki ya kigothi, yaani roki ya giza na huzuni, na jina hilo limemganda Murphy mpaka leo. Alipoanza kuimba peke yake, Marekani ndiko walikomwelewa: mwaka 1990 wimbo "Cuts You Up", uliomo katika albamu Deep, ulikaa wiki saba kileleni mwa chati ya roki ya kisasa ya jarida la Billboard. Kwao Uingereza hakupokewa hivyo.

Baadaye akahamia Uturuki, akawa Mwislamu, akavutwa na usufi. Dust imetoka ndani ya maisha hayo. Aliitengeneza na Mercan Dede, mwanamuziki wa Kituruki anayepiga nai, filimbi ya mwanzi, na kuchanganya muziki wa Kisufi na midundo ya kielektroniki. Nyimbo ni ndefu, zinakwenda taratibu, na sauti nzito ya Murphy haishindani na ala hata mara moja.

Wanaoilalamikia husema inachosha, haina wimbo wa redio. Hapo ndipo ninapobisha. "Bela Lugosi's Dead" yenyewe inapita dakika tisa, na ngoma na besi zinatangulia muda mrefu kabla Murphy hajafungua kinywa. Kwa nini subira ile isifiwe, hii ilaumiwe? Aliyezoea taarabu asilia ya Unguja, ambako ala kama kanuni na fidla hupewa nafasi yake kwanza ndipo mwimbaji aingie, hatapata taabu na Dust.

Kasoro ipo. Mashairi yake mara nyingine yamefumbwa mno, unabaki unapapasa maana. Lakini sikiliza alivyozirudia nyimbo zake mwenyewe, "My Last Two Weeks" na "Subway". "Subway" ya Dust naiweka juu ya ile aliyoitoa 1995 katika albamu Cascade, bila kusita: safari hii haikimbizwi na mdundo, na kila neno analoliimba linafika.