Mheshimiwa, Nani Kakutuma?

Juzi nilikuwa kwa mama lishe soko la Majengo, ugali na mlenda mbele yangu, kijana wa meza ya pili akafungulia klipu ya Bunge kwa sauti ya juu. Mbunge kasimama: "Wananchi wangu wamenituma nije nishukuru." Na hoja akaiunga mkono asilimia mia moja, kama kawaida. Mama lishe, ambaye ni wa jimbo hilohilo, akauacha mwiko ndani ya sufuria. "Mimi nimemtuma saa ngapi?"

Nilicheka, kisha nikakumbuka mkutano wa kijijini kwetu mwaka ule pampu ya kisima ilipoharibika. Mheshimiwa alishuka garini na salamu ya Wagogo, "Mbukwenyi!", na Kigogo chake kikaishia hapo. Walioruhusiwa kuuliza walikuwa watatu, wote walioshiriki supu ya mbuzi kwa mwenyekiti asubuhi ile. Bibi mmoja alisimama na dumu lake tupu akanyoosha mkono mpaka ukachoka. Akaambiwa swali lake aliandike, ampe mtendaji. Hajui kuandika. Akaligeuza dumu, akalikalia.

Halafu wabunge hawahawa ndio wanaotulalamikia kuwa wapiga kura ni ombaomba. Simu haitulii: ada, nauli, rambirambi. Naamini. Lakini namba ya mbunge anayo nani? Mpambe, na yule aliyebanwa na shida hadi akaitafuta kwa mpambe. Mkulima aliyeuza alizeti kwa hasara hapigi simu. Anakunja magunia yake, ananyamaza. Na ukimya huo mheshimiwa anausoma kuwa karidhika! Anasikia watu kumi wanaoomba hela, anaamua jimbo zima linataka hela, anakuja na bahasha badala ya masikio. Tukizipokea, anasema si mnaona?

Wala si ugonjwa wa Dodoma peke yake. Watafiti Broockman na Skovron waliwauliza wanasiasa wa majimbo ya Marekani, mwaka 2012 na 2014, wanadhani wapiga kura wao wana misimamo gani. Wa vyama vyote viwili vikuu, Democrat na Republican, waliwaona wapiga kura wao wahafidhina (wasiopenda mabadiliko) kuliko walivyo, Republican ndio waliozidi. Sababu mojawapo waliyoitaja ni kwamba wafuasi wa Republican, chama cha wahafidhina, ndio wanaowatafuta zaidi wawakilishi wao. Kule anasikika mwenye kupiga simu, huku mla supu.

Haya, majimbo yetu ni makubwa, barabara masika hazipitiki, na mbunge asiyefika msibani anaitwa mwenye dharau. Nakubali. Ila kumpa bibi kipaza sauti dakika mbili hakuhitaji lami.

Nilipokuwa nalipa, mama lishe alikuwa bado ana lake moyoni.

"Mwanangu, namba yake unayo?"

"Sina, mama."

"Ungenipa, leo ningemtuma kweli."