Wiki Nane Zimetimia, Mbona Nirudi Nyumbani?

Kadi yangu ya chanjo ya Korona iliandikwa nirudi kwa dozi ya pili 27 Oktoba. Mimi nilitaka tarehe 4 ya mwezi huo. Hapo ndipo kisa kilipoanzia.

Mwaka ule wa 2021 likizo ya mwalimu ilikuwa kama chafya. Tulifunga shule Ijumaa tarehe 1 Oktoba tufungue tarehe 11. Siku hizo chache ndizo nilizokuwa nazo za kwenda Bungoma kumwona mama, ambaye ana sukari na alikuwa hajachanjwa hata mara moja. Sikutaka kumpelekea Delta, aina ya kirusi cha Korona iliyokuwa ikienea, pamoja na mkate na majani chai.

Dozi ya kwanza nilidungwa tarehe 4 Agosti, zile chanjo za AstraZeneca za kutoka Uingereza zikiwa ndiyo zimefika. Siku chache baadaye Mkuu wa Utumishi wa Umma wa wakati huo, Joseph Kinyua, akawaandikia watumishi wa serikali wawe wamechanjwa ifikapo 23 Agosti, na foleni za Nairobi zikafura. Hesabu basi: kutoka 4 Agosti, wiki 8 zinaisha 29 Septemba, na wiki 12 zinaisha 27 Oktoba. Muuguzi aliyejaza kadi yangu alihesabu 12.

Hizo 12 zilitoka wapi? Machi, dozi za kwanza milioni moja na ushee zilipotua JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, tuliambiwa tutarudi baada ya wiki 8. India, zilikotengenezwa, ikazuia chanjo zake zisitoke nje, stoo yetu ikakauka, na ghafla wiki 8 zikawa 12. Sisemi ilikuwa hila. Wanasayansi walikuwa wameshaonyesha kwamba AstraZeneca hukinga vizuri zaidi dozi zikiachana kwa muda mrefu, na Shirika la Afya Duniani lenyewe lilikuwa linapendekeza kati ya wiki 8 na 12. Lakini tuambiane ukweli: kilichotusukuma hadi 12 kilikuwa uhaba. Shehena mpya zilipoingia, wizara ikarudi kwenye 8. Kadi zetu hazikupata habari.

Kwa hiyo Jumatatu tarehe 4 nikadamka. Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu kwa simu. Ule ujumbe wa kunikumbusha tarehe ulikuwa haujibiki, na kwenye mtandao niliona pa kujisajili, sikuona pa kusogeza siku. Nikaenda pale pale nilipochanjwa mara ya kwanza. Saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye foleni, saa tano nikafika mezani.

"Mwalimu, tarehe yako bado. Rudi ishirini na saba."

"Sista, wiki nane zimepita."

"Mimi nafuata kadi."

Nyuma yangu kulikuwa na mama anayeuza mboga mtaa wa Umoja, kadi yake na yangu ni za siku moja. Alisikia jibu nililopewa, akakunja kadi, akaiweka kwenye kibeti na kuondoka. Alisema asubuhi hiyo ameacha meza yake na mtoto wa jirani. Mimi, kwa kuwa nilikuwa likizo na nauli ninayo, nikapanda gari hadi kituo kingine. Huko muuguzi alishika kadi, akahesabu kwa vidole, akasema, "Zimepita nane. Keti, kunja mkono wa shati." Dakika tano, imekwisha.

Kazi ni ile ile, chanjo ni ile ile, ila meza ni mbili na sheria ni mbili. Hilo ndilo linalonikera, kuliko hata saa tatu nilizosimama juani.

Mtu ataniambia tarehe ziliwekwa ili watu wasijazane siku moja, na akiba isiishe. Sawa. Ila chupa moja ya AstraZeneca ilikuwa na dozi 10, na ikishafunguliwa ilikuwa lazima itumike ndani ya saa 6. Ndiyo maana jioni uliwaona wahudumu wakitoka nje kuita mtu yeyote mwenye mkono. Kituo kilichokuwa kinatafuta mikono saa kumi jioni kilimfukuza mama wa mboga saa tano kwa sababu ya kalamu ya muuguzi wa Agosti.

Sikuwa naomba kila mtu achanjwe anapojisikia. Aliyefika wiki ya tano arudishwe, tena bila kubembelezana, maana kuwahi hivyo kunampunguzia kinga. Nilichoomba ni kadi iandikwe "kuanzia" tarehe fulani, ya wiki 8, na zile za zamani zisomwe hivyo hivyo. Karatasi moja ya wizara ibandikwe kila meza. Ujumbe wa simu utumwe upya, maana namba zetu walikuwa nazo. Delta ikiwa mtaani wakati huo, dozi moja peke yake ilikuwa kinga dhaifu, na wiki nne za kungoja bure zilikuwa nyingi kwa anayegusa noti za watu kutwa nzima.

Ningeweza kungoja, nakubali. Bungoma nilienda Jumatano, mkono ukiuma kidogo, na kwa kuwa kinga haiji siku ya sindano, niliketi na mama nje chini ya mwembe na barakoa usoni. Aliniuliza yeye atachanjwa lini. Nikamwambia twende Alhamisi, na nikamwambia tarehe ya pili watakayomwandikia anionyeshe kwanza, niihesabu mwenyewe.