Huduma ya kwanza wameiandika, hawajawahi kuifanya

Jamani hili jambo limenikaa kooni wiki nzima, naomba niliseme.

Juzi asubuhi hapa kwetu Uyole, Mbeya, na baridi ya Juni mnaijua, mtoto wa jirani wa miaka mitatu kavuta sufuria ya maji ya kuoga, yakammwagikia mkono mpaka kwenye kiwiko. Mama yake alishatoka alfajiri kwenda kuchimba viazi, nyumbani kabaki dada mtu, yuko form two. Nafika nakuta watu wamejaa, mmoja anapaka dawa ya meno, mwingine anaulizia yai, mwingine kashika chupa ya mafuta ya kula, na bomba liko hapo hapo uani hakuna aliyeligusa. Nikasema mpelekeni kwenye maji, bibi mmoja akanijibu, "Maji haya ya baridi mwanangu, mnataka apate nimonia?"

Tunafika zahanati dawa ya meno imeshakauka, imeganda kwenye ngozi kama chokaa ukutani. Nesi ikabidi aitoe kwanza, taratibu, kipande kwa kipande, ndo auone mkono ulivyo. Kile kilio mpaka leo nakisikia.

Jioni yule dada mtu akaja, macho chini. "Anti, huduma ya kwanza tulisoma form one, kwenye baiolojia. Niliandika noti zote." Akanionyesha daftari. Kweli imo, mwandiko mzuri, vifaa vya kwenye sanduku la huduma ya kwanza kavitaja vyote na vema nyekundu ya mwalimu pembeni. Sanduku lenyewe hajawahi kulishika.

Hapo ndo niliposhikwa na hasira, na sio kwa huyu mtoto. Watu wanabishana eti ifundishwe shuleni au isifundishwe, wakati imo kwenye vitabu miaka yote, inafundishwa ili ijibiwe kwenye mtihani. Mtoto anajua tabaka za ngozi, ila hajawahi kusimama bombani na mkono wa mwenzake akahesabu dakika 20, maji ya kawaida yanatiririka, sio barafu. Hajaambiwa avue nguo na bangili mapema kabla mkono haujavimba, na nguo ikishagandia kwenye ngozi asiivute. Na lile la nimonia lina jibu lake, unamwagia pale palipoungua tu, mwili uliobaki unaufunika kitenge au blanketi. Bibi wa watu hakuwa mjinga, alimwogopea mjukuu, hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Na huku kwetu wa kwanza kufika ni mtoto. Wazazi wako shamba au sokoni Mwanjelwa, anayebaki na wadogo zake ni wa darasa la sita. Usiku watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani kwa ajili ya baridi na kufunga madirisha, ile hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, na inaua. Mwenzao akianguka kifafa darasani wanakimbia au wanatafuta kijiko cha kumtia mdomoni, badala ya kumlaza ubavu na kusogeza madawati. Bodaboda akianguka tunambeba mikono na miguu kama gunia.

Mtaniambia walimu wamezidiwa. Haya, nakubali, darasa limefurika na mwalimu ni mmoja. Lakini Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 liliunga mkono watoto kuanzia miaka 12 wafundishwe kuokoa mtu ambaye moyo umesimama, saa 2 tu kwa mwaka! Uingereza wameiweka kwenye masomo ya lazima tangu 2020. Saa 2 tunakosaje, na mchakamchaka tunaupatia muda? Watu wa Msalaba Mwekundu wapo, manesi wa zahanati wapo, waiteni. Bomba, kitenge na mkeka havihitaji bajeti.

Jumamosi nimewaita watoto wa mtaa uani kwangu, walikuja tisa. Dada mtu ndo aliyeanza, kaweka mkono wake mwenyewe chini ya bomba, mi nashika saa ya kwenye simu, mdogo wake kasimama pembeni na bandeji yake anaangalia. Dakika ya saba vidole vimeshakuwa vyekundu kwa baridi, meno yanagongana, akaniuliza, "Anti, bado?"

Nikamwambia bado. Hakuutoa.