Msingi kwanza au kasi kwanza? Msimu wa triathloni ndefu katikati ya masika

Mipango mingi ya mazoezi ya triathloni ndefu, yaani mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, imeandikwa na watu ambao Januari wakifungua dirisha wanaona theluji. Si kosa lao, ndiko wanakoishi. Shida huanza pale mtu wa Dar es Salaam anapoipakua na kuibandika ukutani ilivyo. Ikifika Aprili, karatasi inamdai saa nne za baiskeli, na barabara ya Bagamoyo imefurika, madaladala yanakwepa mashimo ambayo mwendesha baiskeli hayaoni mpaka yamemmeza gurudumu.

Ubishi wenyewe ni wa zamani, ila huku kwetu tunaujadili kana kwamba mvua haihusiki. Ironman kamili, mashindano yenye jina kubwa kwenye triathloni ndefu, ni kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180 na kukimbia kilomita 42.2. Nusu yake, kama ile iliyoanza Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu mwezi Agosti 2022, ni 1.9, 90 na 21.1. Mwajiriwa anayejiandaa kwa dhati hujitengea wiki 20 hadi 24. Je, wiki za mwanzo ziwe za mwendo mrefu wa polepole, au za mazoezi mafupi makali?

Wanaosema msingi kwanza wana ukoo wa heshima. Kocha Arthur Lydiard wa New Zealand alimkimbiza Peter Snell maili 100 kwa wiki kabla hajamruhusu kugusa kasi, ingawa mbio alizokuwa akimwandalia zilikuwa za mita 800 tu. Mwaka 1960 kule Roma akachukua dhahabu ya Olimpiki. Kwenye triathloni jina linalotajwa ni Mark Allen. Alifuata kanuni ya kocha wake, Phil Maffetone: toa umri wako kwenye 180, na kwa miezi kadhaa usiruhusu mapigo ya moyo kwa dakika yapite hapo. Ilimlazimu apunguze mwendo hadi ajionee haya. Lakini Oktoba 1989, kwenye Ironman ya ubingwa wa dunia huko Hawaii, ndiye aliyemshinda mpinzani wake Dave Scott kwa chini ya dakika moja baada ya zaidi ya saa nane za kwenda bega kwa bega.

Hoja yao nzito haihusu moyo wala mapafu. Inahusu kano na mifupa. Pumzi hurudi upesi, wiki chache tu mtu anajiona simba, kumbe kano ya kisigino bado iko pale ilipokuwa siku ya kwanza. Hili nimelilipia mwenyewe: wiki ya tatu ya msimu mmoja nilipiga mita 400 mara kumi kwa fahari kubwa, kisha nikachechemea mwezi na nusu.

Upande wa pili nao hausemi upuuzi. Wanasema mazoezi yafanane zaidi na mashindano kadiri siku inavyokaribia, na Ironman si mbio za kasi. Hakuna mtu wa kawaida anayemaliza kilomita 180 za baiskeli kisha akahitaji kasi ya mita 400. Kwa nini basi mwezi wa mwisho uutumie kunoa kisu ambacho hutakichomoa? Pandisha kwanza uwezo wako wa juu kabisa, halafu ujifunze kushikilia sehemu yake kwa saa nyingi, ukila na kunywa juu ya tandiko. Mfano wao ni Kristian Blummenfelt wa Norway. Julai 2021 alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo katika umbali mfupi wa 1.5, 40 na 10. Novemba mwaka huohuo, Cozumel nchini Mexico, akamaliza Ironman yake ya kwanza kwa saa 7, dakika 21 na sekunde 12 (ni kweli mkondo wa bahari uliwasukuma waogeleaji). Mei 2022 akawa bingwa wa dunia wa Ironman kule St. George, Utah.

Hapo ndipo ninapowashitukia wote wawili. Blummenfelt hakuanza na kasi. Chini ya ile kasi kulikuwa na miaka ya mazoezi mengi kupita kiasi, ukali ukidhibitiwa kwa kupima kwenye tone la damu lakteti, kemikali inayopanda misuli inapofanya kazi kali. Mark Allen naye alipokubali kutambaa alikuwa tayari miongoni mwa watu wenye kasi kubwa katika mchezo huo. Kila upande unamleta shahidi ambaye mfuko wake ulikuwa na vitu vyote viwili.

Kuna pia ile hesabu ya asilimia 80 kwa 20, inayotokana na kazi za Stephen Seiler, mtafiti Mmarekani aliyehamia Norway. Aliona kwamba wanariadha wa juu wa michezo ya ustahimilivu hufanya takriban asilimia 80 ya vipindi vyao kwa wepesi. Wapenzi wa polepole huishika kama hati ya kiwanja. Sasa piga hesabu. Kwa mwenye saa 25 kwa wiki, asilimia 80 ni saa 20. Kwa mwenye saa nane, ni kama sita na nusu, agawanye kwa michezo mitatu. Saa mbili za kukimbia polepole kwa wiki ni kunyoosha miguu, wala si msingi ambao Lydiard angeutambua.

Turudi kwenye mvua. Anayelenga Rubavu mwezi Agosti akirudi nyuma wiki 24 anaangukia Februari. Akifuata msingi kwanza, baiskeli zake ndefu zinakutana uso kwa uso na masika, Machi hadi Mei. Kisha kipupwe cha Juni na Julai, wakati barabara ni kavu na hewa imepoa, anautumia kwa mazoezi mafupi. Ni kama kuanika nguo usiku. Akigeuza, masika ni ya dakika 60 kali juu ya baiskeli iliyofungwa sebuleni, feni ikivuma, na kipupwe kinabeba safari ndefu. Kwa mashindano haya nasimama na upande wa pili, na sababu yangu ni kalenda kuliko fiziolojia.

Lakini usiichukue kalenda hiyohiyo ukaenda nayo Afrika Kusini. Ironman kamili ya Gqeberha kwa miaka mingi imekuwa ikifanyika Machi au Aprili. Kwa mtu wa pwani, kugeuza kunasukuma safari za saa tano na sita hadi Januari na Februari, kwenye joto la kaskazi, ambapo saa tatu asubuhi jua limeshakuwa kali. Huyu ni afadhali ajenge urefu mapema, Septemba kabla ya vuli, kisha kwenye joto alinde alichopata kwa safari ndefu chache zinazoanza saa kumi alfajiri.

Anayefunga Ramadhani ana hesabu nyingine. Mwaka 2026 mwezi huo ulianza takriban katikati ya Februari, yaani mwanzoni kabisa mwa msimu wa Rubavu, na kila mwaka unawahi kwa siku kumi au kumi na moja. Mazoezi makali bila maji mchana kutwa ni kujitafutia balaa, na saa nne za baiskeli haziwezekani. Hapo wa polepole wanashinda bila ubishi: nusu saa hadi dakika 40 nyepesi kabla ya futari.

Kuogelea sikukuweka upande wowote kwa sababu hakutii upande wowote. Asiyejua kutoa pumzi vizuri majini hahitaji msingi wala kasi, anahitaji mwalimu, na tuko wengi tuliokulia ufukweni tukijua kuelea tu. Anayetupangia ratiba hapa ni bahari. Siku za bamvua maji hujaa alfajiri. Ukichelewa hadi saa nne asubuhi utakuta yamekupwa na unatembea juu ya mwamba. Kusi nalo likishika, mawimbi ya mchana hayafai kujifunzia chochote isipokuwa uvumilivu.

Kwenye ukuta wangu sasa kuna karatasi mbili: ya wiki 24, na jedwali la maji kujaa na kupwa. Wiki sita za kwanza kasi yote naipeleka kwenye baiskeli, ambako kisigino hakigongwi, na kukimbia nakubakiza kwa polepole hata mke wangu akinipita na mtungi wa gesi mkononi. Wiki mbili za mwisho napunguza muda wa mazoezi karibu nusu, ukali ukibaki palepale. Kwenye hilo pande zote mbili zinakubaliana.