Nairobi Haiamki Mapema, Inaamshwa na Kodi ya Nyumba

Nikitaja kwenye grupu la familia, kutoka huku Hamburg, Ujerumani, ninakofanya kazi, kwamba siku yangu ya ofu nimelala masaa 8, lazima mtu anicheke. "Huko mnalipwa kulala?" Shemeji yangu ndiye hodari wa kuniandama. Yeye masaa 5 yanamtosha, anasema, kwa sababu amezoea.

Hilo neno "nimezoea" ndilo ninalobishana nalo leo. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha matokeo ya jaribio lao: waliwagawa watu wazima wenye afya njema katika makundi, wengine wakalala masaa 4 kwa usiku, wengine 6, wengine 8, kwa siku 14 mfululizo, huku wakipimwa wepesi wa kuitikia na kukumbuka. Wale wa masaa 6 walizidi kudorora siku baada ya siku, hadi wakawa kama watu waliokesha usiku mzima. Jambo baya zaidi ni kwamba wenyewe hawakuliona. Walipoulizwa, walijibu kwamba wanasinzia kidogo tu. Kwa hiyo anayesema amezoea hasemi uongo. Kifaa anachojipimia ndicho kilichoharibika.

Wapo wanaotosheka na usingizi mfupi kweli, wamezaliwa hivyo. Mwaka 2009 jeni mojawapo inayohusika ilitambuliwa. Lakini ni wachache sana, nami siamini kwamba wote walihamia mtaa wa Embakasi, Nairobi. Kwa mtu mzima wa kawaida, mwaka 2015 madaktari wa usingizi wa Marekani walikubaliana juu ya masaa 7 au zaidi, na sioni sababu ya mwili wa Mkenya kuwa na kanuni yake.

Ukitaka ushahidi, panda matatu ya alfajiri kutoka mtaa wa Utawala, pembezoni mwa Nairobi. Saa kumi na moja haijafika na gari limejaa. Muziki unadunda kama harusini, taa za buluu zinazunguka darini, na abiria wote wamelala fofofo. Huyu ameegemeza kichwa kwenye kioo, yule amejifunika kofia ya jaketi, na wa kiti cha katikati anaangukia bega la jirani, anajirudisha, anaanguka tena. Konda akigusa bega, mkono unatoka na noti, macho bado yamefungwa. Mmoja wao ni dada yangu, anayefanya kazi Westlands. Huamka saa kumi kamili ili awahi kabla barabara haijaziba na nauli haijapanda, na hurudi nyumbani saa tatu usiku. Watu humsifu kwamba ni mchapakazi. Ni mchapakazi, ndiyo, lakini kilichomwamsha saa kumi ni kodi ya Westlands asiyoiweza. Mwenzake wa meza ya pili anayepanga pale karibu na ofisi huamka saa kumi na mbili na nusu, na kazi yao ni ileile.

Huku Hamburg nauguza wazee kwenye nyumba ya kutunzia. Wakati fulani nilijitolea kuingia zamu ya alfajiri baada ya kutoka ile ya jioni, maana pesa nilikuwa naihitaji. Msimamizi alikataa bila hata kuinua kichwa kwenye ratiba. Sheria ya kazi ya Ujerumani inadai mapumziko ya masaa 11 kati ya zamu na zamu, na nyumba kama yetu inaruhusiwa kushusha hadi 10 ikiwa itafidia baadaye. Nilikasirika, nikidhani ananinyima riziki. Linganisha na askari wa geti nyumbani: anaingia saa kumi na mbili jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi, na wengine huunganisha moja kwa moja hadi kibarua cha mjengo. Tangu 2007 shirika la saratani la Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili kwenye orodha ya mambo yanayoelekea kuleta saratani. Sijui kama kuna aliyewahi kumwambia askari huyo.

Kuhusu kelele sitasema mengi. Hapa ukitoboa ukuta Jumapili, jirani anabisha hodi. Kenya nayo ina kanuni za kelele tangu 2009, na Novemba 2022 Gavana wa Nairobi, Sakaja, aliamuru leseni za klabu zilizo mitaani mwa makazi zifutwe. Karatasi tunazo.

Lakini msinifanye balozi wa Wajerumani. Mwezi wa Juni huku jua linazama karibu saa nne usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi na moja. Desemba giza linaingia saa kumi jioni. Mwili haujui ushike lipi. Majira ya baridi yangu ya kwanza nililala sana na kuamka nimechoka zaidi. Tena Wakenya wengi huku tunatafuta kazi ya pili ya kisirisiri ili tutume cha nyumbani, na masaa yaliyolindwa na sheria tunayauza wenyewe. Nairobi, jua huchomoza na kuzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, neema ambayo Hamburg haiwezi kuinunua. Wahadza, wawindaji wa kule Ziwa Eyasi, Tanzania, waliochunguzwa pamoja na watu wa Namibia na Bolivia katika utafiti wa 2015, hawalali masaa mengi: kati ya 6 na 7 hivi ya usingizi wenyewe. Shemeji alinitumia habari hiyo kwa ushindi. Nikamwambia amalizie kusoma: usingizi huwachukua kama masaa matatu baada ya magharibi, na kukosa usingizi ni nadra mno kwa wale wa Namibia na Bolivia. Kwa ratiba hiyo shemeji angekuwa kitandani saa tatu na nusu.

Mtu mzima na aamue mwenyewe. Ninayemwonea huruma ni mpwa wangu wa darasa la nne. Mtoto wa umri wake anahitaji masaa 9 hadi 12. Kanuni za elimu ya msingi za 2015 zinasema masomo ya shule za kutwa yaanze saa mbili asubuhi, lakini gari la shule linampitia saa kumi na moja na nusu, na kuamshwa anaamshwa saa kumi na moja. Ili apate hayo 9, saa mbili usiku awe ameshalala. Saa mbili usiku anafanya homuwaki, na mama yake, yule dada yangu, bado yuko njiani Mombasa Road. Juzi nilimpigia dada hesabu hiyo kwenye simu. Akanyamaza, kisha akaniuliza kama naweza kuchangia karo, maana kuna shule ya kutembea kwa miguu hapo mtaani kwao, ila ni ghali.